gdb (dibaga ya C) inanitajia namba ya mstari lakini kodi yenyewe haionekani. Wakuu nisaidieni

Neema_Kokoto (#1)

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, chai ya tatu hii na bado niko palepale.

Nimerithi kazini kijiprogramu cha C. Kinakaa kwenye kompyuta ya mizani ya magari, machimbo ya kokoto. Lori likipanda, karani anaandika namba ya gari, programu inasoma uzito wa kila ekseli, inajumlisha, inatoa tiketi, inazima. Tiketi nyingine, inawashwa upya. Aliyeiandika alishaondoka siku nyingi. Haijawahi kusumbua, ila mwezi huu inakufa mara mbili tatu kwa siku na foleni ya malori inatoka hadi barabarani.

Mashine haina mazingira ya picha, naingia kwa ssh. Nimefanikiwa kupata faili moja la core (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa), nikalivuta kwenye laptopu yangu pamoja na binari (programu iliyokwisha kompailiwa), nikafungua kwa gdb:

```
Program terminated with signal SIGSEGV, Segmentation fault.
#0  0x000055d3a1bf4312 in jumlisha (g=0x7ffe1c0a9d40, n=5) at mizani.c:212
212     mizani.c: No such file or directory.
(gdb) list
207     in mizani.c
```

Kwamba ni mstari wa 212 nimeona. Kwamba ni ndani ya mizani.c nimeona. Sasa mbona hauonyeshi? Ilikompailiwa kwa `-g`, nina uhakika. Mimi nilijua `-g` inaingiza kodi yote ndani ya binari.

Ubuntu 22.04, gdb 12.1.

Kipanga01 (#2)

Dada weka printf (amri ya kuchapa) kila mstari, lala. Dibaga ni za watu wasio na foleni ya malori.

Fundi_Saa (#3)

Kipanga, na core ya jana utaiwekea printf wapi? Imeshakufa hiyo.

Neema, umejikwaa kwenye hiyo sentensi yako ya mwisho, na si wewe peke yako. `-g` haiingizi kodi. Inaingiza jedwali. Jedwali linasema: maelekezo ya mashine yaliyoko anwani fulani yametokana na faili fulani, mstari fulani. Basi. Jina la faili, folda lilipokompailiwa, na namba za mistari. Maandishi yenyewe ya mstari wa 212 hayamo. Ukitaka kulisoma jedwali lenyewe, piga `objdump --dwarf=decodedline` kwenye hiyo binari.

Kwa hiyo unapoandika `list`, gdb inatoka nje, inafungua mizani.c kwenye diski yako kama wewe ungefungua kwa `less`, inahesabu mistari, inakuchapia kumi. Isipolikuta faili, inabaki na namba mkononi. Ndicho ulichokiona.

Sasa muulize alikuwa analitafuta wapi:

```
(gdb) info source
(gdb) show directories
```

Tuwekee majibu hapa.

Neema_Kokoto (#4)

```
Current source file is mizani.c
Compilation directory is /home/fundi/jenga
Source language is c.
Producer is GNU C17 11.4.0 -mtune=generic -march=x86-64 -g ...

Source directories searched: $cdir:$cwd
```

Hiyo /home/fundi ni ya laptopu ya yule aliyeondoka. Kwangu haipo.

Fundi_Saa (#5)

Umejijibu. `$cdir` ni folda ilipokompailiwa, `$cwd` ni folda uliyomo sasa hivi. La kwanza halipo kwako, la pili hukuwemo. Ndiyo maana watu wengine husema "kwangu inaonekana, kwako haionekani", kumbe mwenzao alifungua gdb akiwa amekaa ndani ya folda la chanzo.

Njia mbili. Ya haraka:

```
(gdb) directory /home/neema/mizani
```

Ya mtu mwenye mafolda mengi, inabadilisha mwanzo wa njia tu:

```
(gdb) set substitute-path /home/fundi/jenga /home/neema/mizani
```

Kwa faili moja kama lako ya kwanza inatosha. Kwa mradi wenye mafolda ndani ya mafolda tumia ya pili, la sivyo utakuwa unaongeza `directory` mpaka asubuhi. Ukiipenda iweke kwenye `~/.gdbinit` usiiandike tena.

Neema_Kokoto (#6)

IMEONEKANA! Nimeclone repo (nakala ya kodi iliyoko git), nikapiga directory. Lakini sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. Angalieni:

```
(gdb) list
warning: Source file is more recent than executable.
207     /*
208      * Ekseli za trela zinapimwa mara mbili,
209      * mbele halafu nyuma. Usibadilishe mpangilio
210      * huu kabla ya kumuuliza msimamizi wa
211      * mizani.
212      */
213     static double jumlisha(struct gari *g, int n)
214     {
215         double jumla = 0;
216         int i;
```

Programu imekufa kwenye kufunga maelezo (komenti)? Kwenye `*/`??

Kipanga01 (#7)

Hahaha. Hiyo nyota imebeba tani ngapi?

MtotoWaForodhani (#8)

Bibie, hilo faili si lenyewe. Ni la mtaa huohuo, nyumba nyingine.

Maelezo hayatoi hata baiti moja ya kodi ya mashine, kwa hiyo jedwali haliwezi kuelekeza mstari wa maelezo, wala mstari mtupu. Ukiona gdb inakuonyesha umefia kwenye `*/`, au kwenye mabano yanayofunga funksheni nyingine kabisa, usianze kumtilia shaka kompaila. Mtu ameongeza maelezo juu, kodi ikateremka. Jedwali linasema 212 ya siku ile, wewe umempa 212 ya leo. Yeye anachapa tu, halinganishi maandishi na chochote.

Hapa Mombasa niliwahi kukaa siku mbili nzima nikisahihisha mstari usiokuwa na kosa kwa sababu hii. Na wangu haukuwa wazi kama wako. Ulikuwa mstari mzuri kabisa wenye pointa (anwani ya kumbukumbu) ndani yake, nikauamini.

Neema_Kokoto (#9)

Kwa hiyo ile warning ndiyo ilikuwa inaniambia hivyo?

Fundi_Saa (#10)

Nusu nusu. Inaangalia tarehe za faili tu. Wewe umeclone leo, kwa hiyo kila faili limeandikwa tarehe ya leo, na utaiona warning hata ukiwa na toleo sahihi. Na kinyume chake: ukimnakili mtu faili kwa `cp -p` tarehe ya zamani inabaki, warning inakaa kimya, na faili si lenyewe. Isikutishe, isikutulize.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki:

```
(gdb) info functions jumlisha
```

Hapo namba ya mstari inatoka ndani ya binari. Haigusi faili lako. Linganisha na unachokiona kwenye faili. Zikitofautiana, rudi nyuma kwenye git mpaka zilingane.

Neema_Kokoto (#11)

```
File mizani.c:
205:    static double jumlisha(struct gari *, int);
```

Kwenye faili langu ni 213. Tofauti mistari 8. Naangalia git log, binari kwenye mashine ya mizani ina tarehe ya mwaka jana. Subirini.

kodi_ya_nyumba (#12)

Nimetia kambi hapa. Wakuu swali la pembeni samahanini: hivi hii ni ya C tu? Mimi wa Python.

MtotoWaForodhani (#13)

Python unatumia pdb, dibaga yake, na pdb haina shida hii kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Python inaendesha faili lilelile unaloliona. (Kiasi kikubwa, kwa sababu ukilihariri faili programu ikiwa bado inatembea, nayo itakuonyesha maandishi mapya kwa namba za zamani. Yaleyale.)

Weka `breakpoint()` unapotaka isimame, ipo tangu Python 3.7. Halafu `l` inakupa mistari 11, mshale `->` unaonyesha ulipo. `ll` inakupa funksheni nzima, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, gdb ingekuwa nayo ningefurahi. Ukishapiga `l` mara nyingi ukapotea, `l .` inakurudisha. Na kama una kigezo kinachoitwa `l` kwenye kodi yako, andika `!l` au `p l`, la sivyo utachapiwa kodi badala ya thamani.

kodi_ya_nyumba (#14)

Shukrani sana mkuu. Hiyo ya `!l` imeniuma, nina `l` kila mahali.

Neema_Kokoto (#15)

Nimepata. Nilirudi komiti nne nyuma. Sasa info functions inasema 205 na faili linasema 205:

```
(gdb) list
207         double jumla = 0;
208         int i;
209
210         /* ekseli ya kwanza ni ya kichwa */
211         for (i = 0; i < n; i++)
212             jumla += g->uzani[i];
213
214         return jumla;
215     }
216
```

Hapo sasa panaeleweka! Lakini nikibonyeza Enter inaendelea 217 hadi 226, nikibonyeza tena inaendelea. Nikitaka kurudi pale pa 212 nafanyaje? Nimejaribu `list .` kama ya pdb, imekataa.

Fundi_Saa (#16)

`list .` imeingia gdb za baadaye, 12 haina. Kwa yako piga `frame` halafu `list`, inarudi katikati ya ulipofia. Au kwa mkupuo mmoja, hii inafanya kazi hata kwenye mashine za kale:

```
(gdb) list *$pc
```

Hili la `list` kutembea huwachanganya wengi. Ya kwanza baada ya kusimama inakuweka katikati: umefia 212, unapewa 207 hadi 216. Ya pili haianzi upya, inaendelea ilipoishia. `list -` inapanda juu. `list 30,40` inakupa unachotaja, `list jumlisha` inaweka funksheni katikati, `list mizani.c:30` kama una mafaili mengi. Kumi ikikubana, `set listsize 25`.

Sasa acha `list` kidogo. Mstari wa 212 una kitu kimoja tu kinachoweza kuua. Kiangalie.

Neema_Kokoto (#17)

```
(gdb) p i
$1 = 0
(gdb) p g->uzani
$2 = (double *) 0x55d3a2c40043
(gdb) p g->namba
$3 = "T 123 AB"
```

(Namba ya gari nimeibadilisha, isije ikawa ya mtu, ila umbo ndilo hilo.)

i ni sifuri, kwa hiyo imekufa mzunguko wa kwanza kabisa. Pointa sioni ubaya wake, si 0x0.

MtotoWaForodhani (#18)

Bibie, hiyo pointa inaishia na 3. `malloc` (funksheni ya kuomba kumbukumbu) kwenye mashine za biti 64 kama yako hutoa anwani zinazogawanyika kwa 16, yaani tarakimu ya mwisho huwa 0. Hiyo imeguswa.

Halafu tazama namba ya gari. "T 123 AB". Herufi ya mwisho iko wapi?

Fundi_Saa (#19)

Forodhani tulia, mwache aione mwenyewe, yuko hatua mbili tu.

Neema: `up`, halafu `list`. Ukipanda fremu, yaani kwenda kwenye funksheni iliyoiita hii, `list` inapanda na wewe.

Neema_Kokoto (#20)

```
(gdb) up
#1  0x000055d3a1bf43f8 in main (argc=3, argv=0x7ffe1c0a9e68) at mizani.c:241
241         printf("%.0f\n", jumlisha(&g, n));
(gdb) list
236
237         g.uzani = malloc(n * sizeof *g.uzani);
238         soma_ekseli(g.uzani, n);
239         strcpy(g.namba, argv[1]);
240
241         printf("%.0f\n", jumlisha(&g, n));
242         return 0;
243     }
(gdb) reverse-search ^struct gari
31      struct gari {
(gdb) list 31,34
31      struct gari {
32          char namba[8];
33          double *uzani;
34      };
```

Oooh. Ooooh.

namba ina nafasi 8. "T123ABC" ni herufi 7 na sifuri ya mwisho (baiti ambayo C hufungia maandishi), 8 kamili. Lakini hii ameiandika na nafasi katikati, "T 123 ABC", ni 9 na sifuri, 10. strcpy inanakili bila kupima nafasi, baiti mbili zimemwagikia kwenye `uzani`.

MtotoWaForodhani (#21)

Na C kwa hex ni 43. Isome tena pointa yako: ...0043. Herufi C ya namba ya gari, na sifuri yake, zimekaa kwenye baiti mbili za chini za anwani. Ilikuwa mbele ya macho yako tangu #17.

Kipanga01 (#22)

Sawa, nimenyoosha mikono. Printf isingenionyesha hiyo C. Lakini si angewasha tu `-fsanitize=address` (ASan, mkaguzi wa kumbukumbu) ikamtajia mstari wa strcpy?

Fundi_Saa (#23)

Ungedhani hivyo. Baiti zimemwagika kutoka chumba kimoja cha struct kwenda chumba cha pili cha struct hiyohiyo. Kwa ASan zote ziko ndani ya kitu kimoja halali, haina neno. Ingelalamika baadaye kwenye 212, pale ambapo tayari alikuwa anapajua. Kukompaili kwa `-O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2` kungemkamata pale 239, lakini mwenzetu alikompaili kwa `-g` peke yake.

Neema, habari mbaya sasa. Haifi kila mara, si ndiyo? Kwa sababu anwani iliyoharibika mara nyingine inaangukia kumbukumbu ambayo ni yako kihalali. Hapo haifi. Inajumlisha takataka zilizokuwepo na kutoa tiketi. Na kwa vile hakuna `free` popote, hakuna wa kugundua. Kagua tiketi za mwezi huu.

kodi_ya_nyumba (#24)

Duh.

Dereva_wa_Terminali (#25)

Nimechelewa uzi, ila nashangaa hakuna aliyetaja TUI. Mnachapachapa `list` kama mnanunua karanga kwa punje. Fungua `gdb -tui`, au ndani ya gdb bonyeza Ctrl-x halafu a. Nusu ya juu ya skrini kodi, mstari uliopo umewekewa alama, chini unaandika amri. `layout split` inaongeza asembli. Inafanya kazi kwenye ssh vizuri tu.

Fundi_Saa (#26)

Vizuri tu mpaka programu ichape kitu chake, skrini ivurugike kama nguo kwenye beseni. Ndipo unajifunza Ctrl-l. Na mishale inasogeza kodi badala ya kukurudishia amri za nyuma, mpaka ukumbuke Ctrl-p. Naitumia ninapotembea hatua kwa hatua. Kwa core kama hii, iliyosimama, `list` inanitosha. Zaidi ya hapo, `list` naweza kuinakili nikaibandika hapa uzini. TUI ungetuletea picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nazijua picha zenu.

Dereva_wa_Terminali (#27)

Hiyo ya picha za simu nakubali, mkuu.

Neema_Kokoto (#28)

Nimerudi. Tiketi: mbili zimetoka na uzito sifuri, wakazisahihisha kwa kalamu pale mlangoni bila kumwambia mtu. Nyingine zote nimezilinganisha na daftari la mlinzi, ziko sawa.

Nimerekebisha hivi:

```
32          char namba[16];
...
239         snprintf(g.namba, sizeof g.namba, "%s", argv[1]);
```

Nimekompaili kwenye laptopu yangu, na safari hii nimeweka komiti kwenye jina la binari ili atakayerithi baada yangu asihangaike na 205 na 213.

Kilichobaki kunisumbua ni kwa nini mwezi huu. Nikampigia karani. Kumbe yule wa zamani alihamishwa, huyu ameanza tarehe moja. Nikamuuliza mbona anaweka nafasi kwenye namba za magari. Akanijibu kwa mshangao, "Dada, si ndivyo ilivyoandikwa kwenye gari?"